Tumuulize mgombea wa wadi anaishi wapi kabla ya kumuuliza shahada yake

Mhariri,

Uchaguzi mkuu ujao unatarajiwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, na kadiri siku hiyo inavyokaribia ndivyo linavyorudi midomoni mwa watu swali la nani anastahili kuketi katika bunge la kaunti. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo moja linalonikera. Kwa zaidi ya miaka kumi tumejishughulisha na vyeti vya wagombea, tukavipeleka bungeni na mahakamani, ilhali sheria yetu haimuulizi mgombea wa wadi kama anaishi miongoni mwa watu anaotaka kuwawakilisha.

Nianze na yale yaliyoandikwa, kwa sababu katika mikutano mingi ya hadhara watu hubishana kuhusu masharti ambayo hayapo. Kifungu cha 193 cha Katiba kinamtaka anayewania kiti cha wadi awe amesajiliwa kuwa mpiga kura, atimize masharti ya elimu, uadilifu na maadili yaliyowekwa na Katiba au na sheria iliyotungwa na Bunge, na awe ameteuliwa na chama cha kisiasa, au kama ni mgombea huru, aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Kisha Katiba inawataja wasioruhusiwa: afisa wa serikali au mtumishi wa umma ambaye hajaacha kazi, aliyekuwa kamishna wa tume ya uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia, mtu ambaye hajatimiza miaka kumi ya uraia, asiye na akili timamu, aliyetangazwa kuwa muflisi, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na yule aliyethibitishwa kisheria kuwa alitumia vibaya ofisi ya umma au alikiuka Sura ya Sita, inayohusu uongozi na uadilifu.

Msomaji akiyapitia masharti hayo polepole ataona jambo la ajabu. Wale 500 wanaomuunga mkono mgombea huru ni lazima wawe wapiga kura wa wadi hiyo hiyo, lakini yeye mwenyewe anatakiwa tu awe mpiga kura, bila kutajwa wa wapi. Mtu aliyesajiliwa Lang'ata, mwenye nyumba, watoto na biashara Nairobi, anaweza kuja kugombea wadi ya bara ya Kilifi bila kuvunja sheria yoyote. Katiba imewawekea mpaka wanaomdhamini, na yeye anayeomba kupewa sauti yao ikamwacha aje kutoka popote.

Sharti lililotushughulisha sisi ni jingine kabisa. Sheria ya Uchaguzi ya 2011, katika kifungu cha 22, iliwataka wagombea wa ubunge na wa wadi wawe na elimu ya baada ya sekondari, lakini sharti hilo halikutumika katika uchaguzi wa 2013. Marekebisho ya 2017 yakalipandisha hadi shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa nchini, lianze kutumika katika uchaguzi utakaofuata ule wa mwaka huo. Oktoba 2021, Jaji Anthony Mrima wa Mahakama Kuu akabatilisha sehemu inayowahusu wawakilishi wadi, akisema kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo na kwamba sharti hilo lilibana isivyostahili haki ya raia ya kugombea. Mwaka uliofuata sehemu inayowahusu wabunge nayo ikaanguka, na uchaguzi wa Agosti 2022 ukafanyika bila shahada kuwa kizingiti kwa makundi hayo mawili. Sauti zinazotaka irudishwe hazijanyamaza. Nawaheshimu wenye sauti hizo, kwa kuwa wengi wao wameumizwa na yale wanayoyaona katika mabunge ya kaunti, lakini naamini wanatafuta dawa mahali ambapo haipo.

Novemba 2024 Wakenya wengi, nyumbani na ughaibuni, walishangilia Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, Marekani. Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini nilitamani mtu mmoja katika shangwe zile aulize sheria ya Minnesota ilimtaka mama huyu awe na nini. Katiba ya jimbo lile inamtaka mbunge wa jimbo awe mpiga kura halali, maana yake awe raia, awe ametimiza umri wa miaka 21, awe ameishi katika jimbo kwa mwaka mmoja, na awe ameishi katika eneo analotaka kuliwakilisha kwa miezi sita iliyotangulia uchaguzi. Basi. Hakuna shahada, wala hakuna hesabu ya miaka tangu mtu alipopata uraia. Mtu aliyezaliwa ng'ambo anaweza kutunga sheria za jimbo zima, mradi awe raia na awe anaishi pale pale anakoombea kura.

Na sharti hilo la makazi halikuwekwa kwa ajili ya kupamba karatasi. Katika uchaguzi ule ule uliomwingiza Bi. Momanyi Hiltsley, baraza lile lenye viti 134 liligawanyika sawasawa, viti 67 kwa Democratic na 67 kwa Republican. Mmoja wa walioshinda, Curtis Johnson wa Democratic, alichaguliwa katika eneo la 40B kwa karibu thuluthi mbili ya kura. Mpinzani wake akaenda mahakamani akidai kwamba mshindi hakuwa akiishi katika eneo hilo, bali alikuwa amepanga nyumba ndogo Roseville huku maisha yake yakiendelea katika nyumba ya familia nje ya mpaka. Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Ramsey aliupima ushahidi na kuamua kwamba kupanga nyumba ni jambo moja na kuishi ndani yake ni jambo jingine, hivyo Johnson hakuwa na sifa za kuchaguliwa. Hakuapishwa.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Bunge lilipofunguliwa Januari 2025, Republican walikuwa na viti 67 dhidi ya 66, wajumbe wa Democratic wakakataa kuingia ukumbini, Mahakama ya Juu ya jimbo ikalazimika kuamua kwamba akidi, yaani idadi ya chini inayoruhusu kikao kufanyika, ni wajumbe 68, na kazi ya baraza ikakwama hadi mapatano ya Februari. Uchaguzi mdogo wa Machi 2025 ukakirudisha kiti kwa Democratic, na hesabu ikarejea 67 kwa 67. Jimbo zima lilikubali usumbufu huo kwa sababu mtu mmoja hakuwa akilala mahali alipodai kulala. Wala si chama kimoja kilichoonewa: mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Minnesota ilimwondolea sifa mbunge wa Republican, Bob Barrett, kwa kosa hilo hilo la makazi, na wapiga kura wa eneo lake wakalazimika kusubiri hadi Februari 2017 ndipo wajaze kiti.

Majimbo mengine ya Marekani yana vipimo vyake, lakini mwelekeo ni mmoja. Illinois inataka umri wa miaka 21 na makazi ya miaka miwili katika eneo la uwakilishi. New Hampshire, jimbo lenye watu wapatao milioni 1.4, lina baraza la chini la wajumbe 400, na mjumbe hulipwa dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili. Kijana wa miaka 18 aliyeishi humo miaka miwili anaweza kugombea, ingawa kwa seneti ya jimbo umri ni miaka 30 na makazi ni miaka saba. Hakuna hata jimbo moja kati ya yote 50 linalomdai mgombea shahada.

Simaanishi kwamba Marekani ni mwalimu wa kila jambo, na katika suala hili hili la kumpa au kumnyima mtu nafasi ina doa refu. Kwa miongo mingi majimbo ya kusini yalitumia mitihani ya kusoma na kuandika kuwazuia Wamarekani weusi hata kupiga kura, hadi sheria ya mwaka 1965 ilipoivunja mitihani hiyo. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ililazimika kuliamuru bunge la Georgia limpokee Julian Bond, kijana mweusi aliyechaguliwa kihalali na kukataliwa na wabunge wenzake kwa sababu ya msimamo wake kuhusu vita vya Vietnam. Tennessee ilikuwa na kifungu kilichowazuia wahubiri wa dini kuingia bungeni, na kifungu hicho hakikubatilishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani hadi mwaka 1978. Nayataja haya kwa sababu yanafundisha kuogopa sharti lolote linalowabagua watu kwa jinsi walivyo, na kwamba elimu ilishatumika kuwa mlango wa kuwafungia maskini na wanyonge nje. Sharti la makazi halina ubaguzi wa namna hiyo: mvuvi analitimiza, profesa analitimiza, mama wa sokoni analitimiza, kila mmoja nyumbani kwake.

Turudi kwetu. Kazi ya mwakilishi wadi imefungwa na ardhi anayoiwakilisha kuliko kazi ya kiongozi mwingine yeyote wa kuchaguliwa. Katiba imezipa kaunti zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, masoko, barabara za kaunti, kilimo na mifugo. Bajeti ya kaunti inapofika bungeni, anayejua kwamba kisima fulani kimekauka tangu mvua za vuli zilipokosekana, au kwamba zahanati fulani hufungwa saa nane kwa kuwa muuguzi ni mmoja tu, ni yule anayekunywa maji hayo na anayepeleka mtoto wake katika zahanati hiyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwakilishi anayekuja wadini Jumamosi kwa mazishi na kuondoka jioni atasimulia matatizo kama alivyosimuliwa, na aliyemsimulia mara nyingi ni mtu mwenye haja yake.

Katika wadi ninayoishi mimi tumepata kuwa na diwani wa aina hiyo. Jina lake silitaji, wala halina faida hapa. Alikuwa mtu mwenye elimu nzuri, msemaji mzuri, na sikumbuki mtu kumtuhumu kwa wizi. Lakini afisi yake ya wadi ilifunguliwa na msaidizi ambaye hakuwa na uwezo wa kuamua chochote, na mzee aliyetaka kuuliza kwa nini jina la mjukuu wake halikutokea katika orodha ya basari alirudishwa mara kadhaa hadi muhula ukaanza. Wakati wa vikao vya maoni kuhusu bajeti, ambavyo Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti livifanye kwa uwazi, sisi tulizungumza na maafisa tusiowajua, na mwakilishi wetu akatuma salamu. Shahada isingeponya hali hiyo, maana alikuwa nayo.

Wanaotetea shahada husema, na hoja yao ina uzito, kwamba mwakilishi wadi anapitisha bajeti ya mabilioni ya shilingi, anawahoji wanaoteuliwa kuwa mawaziri wa kaunti, anasoma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na anaweza hata kuanzisha hatua ya kumwondoa gavana. Kweli kabisa. Bunge la Kaunti ya Kiambu lilipiga kura ya kumwondoa Ferdinand Waititu na Seneti ikaithibitisha Januari 2020. La Nairobi likafanya hivyo kwa Mike Sonko mwishoni mwa mwaka huo huo. Na Agosti 2024 Seneti ilithibitisha uamuzi wa madiwani wa Meru dhidi ya Kawira Mwangaza. Haya ni mamlaka makubwa, na haifai yapewe mtu asiyejua anachokifanya.

Lakini tuitazame mifano hiyo mara ya pili. Ugavana ndio wadhifa katika kaunti ambao sheria imeulinda kwa shahada tangu mwanzo, na sharti hilo halijawahi kuondolewa. Walioondolewa walikuwa wamepita katika mlango huo wa shahada. Kama cheti cha chuo kikuu kingekuwa ngao dhidi ya matumizi mabaya ya mali ya umma, ngao hiyo ingeonekana kwanza kwa magavana. Badala yake, katika uchaguzi wa 2022 taifa lilitumia wiki nyingi likibishana kuhusu uhalali wa shahada za baadhi ya wawaniaji wa ugavana, mahakamani na magazetini, huku mipango yao ya maji, afya na usafiri ikipata nafasi ndogo kuliko picha za mahafali yao.

Jambo hili limewapata wengine kabla yetu. Mwaka 2002, chini ya Jenerali Musharraf, Pakistan iliweka sharti la shahada ya kwanza kwa wagombea wa bunge la taifa na wa mabunge ya mikoa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ililifuta mwaka 2008, na baada ya hapo ikabainika kwamba wabunge kadhaa walikuwa wameingia kwa vyeti bandia, hata baadhi wakapoteza viti vyao. Sharti lililowekwa ili kuinua ubora wa bunge lilikuwa limezaa soko la uongo. Majirani zetu Uganda wanamtaka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo, na kesi za uchaguzi zinazohusu vyeti zimejaa katika mahakama zao. Watanzania walichukua njia nyingine: Katiba yao inamtaka mbunge awe na umri wa miaka 21 na ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Sidhani kuna anayeweza kuthibitisha kwamba Bunge la Dodoma limekosa wasomi kwa sababu hiyo, kwani wapiga kura wenyewe huwachagua wasomi wanapowaona wanafaa.

Kuna pia suala la nani hasa angefungiwa nje. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba waliofika chuo kikuu ni sehemu ndogo sana ya Wakenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1970, na cha pili cha umma, Moi, hakikuja hadi 1984, kwa hiyo wengi walio na umri wa miaka 60 na zaidi leo walimaliza shule wakati ambapo nafasi za vyuo vikuu zilihesabika. Kaskazini Mashariki haikuwa na chuo kikuu cha umma hadi Garissa kilipofunguliwa mwaka 2011, na miaka minne baadaye kikashambuliwa na kufungwa kwa miezi kadhaa. Huku kwetu Pwani, Chuo Kikuu cha Pwani kilipata hati yake mwaka 2013. Tukiliweka sharti la shahada kwa mkupuo mmoja nchi nzima, tutakuwa tumewaadhibu wanawake wa Tana River na wafugaji wa Turkana kwa sababu serikali ilichelewa kuwapelekea madarasa.

Hofu ya kwamba diwani asiye na shahada hataelewa bajeti ina majibu yaliyo karibu zaidi. Kila bunge la kaunti lina karani, wanasheria, watafiti na maafisa wa bajeti wanaolipwa na umma kwa kazi hiyo hiyo. Waimarishwe. Ripoti za ukaguzi na miswada ya fedha itolewe pia kwa muhtasari wa Kiswahili, ili mwakilishi aisome na mpiga kura wake naye aisome. Katiba yetu ya zamani ilimtaka mbunge aweze kuzungumza na kusoma Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kushiriki shughuli za Bunge. Sharti la namna hiyo lilihusu kazi yenyewe, na ukilinganisha na shahada utaona lilikuwa na mantiki zaidi, kwa sababu mtu aliweza kujifunza na kulitimiza bila kulipia miaka minne ya chuo.

Kuhusu uadilifu sitasema mengi, kwa kuwa sharti lipo tayari na kilichokosekana ni utekelezaji. Kifungu cha 193 kinamzuia mtu pale tu njia zote za rufaa zinapokwisha, na kesi zetu huchukua miaka, kwa hiyo wapo wanaoapishwa mara mbili kabla ya uamuzi wa mwisho. Pale mahakama zilipoharakisha, tuliona tofauti: Julai 2022 Mahakama ya Juu ilitupa rufaa ya Sonko kuhusu kuondolewa kwake Nairobi, wiki chache kabla ya uchaguzi, na nia yake ya kuwania ugavana wa Mombasa ikaishia hapo. Nafuu ya hapo ni kuwapa majaji nafasi na muda maalumu wa kumaliza kesi za wagombea.

Najua sharti la makazi litapingwa, na baadhi ya pingamizi nimeshazisikia barazani. La kwanza ni la wafugaji, ambao kuhama ni sehemu ya maisha yao, na wala si haki mtu ahesabiwe kuwa mgeni kwa sababu ng'ombe wake walifuata majani. La pili ni la vijana wanaofanya kazi Nairobi, Mombasa au Ghuba, wanaotuma pesa nyumbani kila mwezi na wanaojiona kuwa wa wadi yao kuliko wengi waliobaki. La tatu, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, ni kwamba uthibitisho wa makazi ukiachiwa barua ya chifu, barua hiyo itauzwa, na aliye na uhasama na chifu atanyimwa hata kama kaburi la babu yake liko uani. Tena nchi hii imeona watu wakifukuzwa makwao kwa nguvu, hasa baada ya uchaguzi wa 2007, na sheria isije ikawaongezea adhabu waliotendewa hivyo.

Ndiyo maana napendekeza kipimo kiwe daftari la wapiga kura. Mgombea wa wadi awe amesajiliwa kupiga kura katika wadi hiyo kwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya siku ya uchaguzi. Daftari liko mikononi mwa tume, lina tarehe, na halitegemei hisani ya mtu. Mfugaji anabaki katika daftari la kwao hata akiwa mbali na mifugo. Kijana wa Ghuba aliyesajiliwa nyumbani kabla ya kuondoka anabaki humo pia. Aliyefukuzwa kwake hapotezi usajili kwa kufukuzwa, na akiamua kuanza maisha kwingine anaruhusiwa kuuhamisha. Anayezuiwa ni yule anayehamisha kura yake, au asiyeihamisha kabisa, pale anapoona kiti kimekuwa wazi. Kipimo hiki ni chepesi kuliko cha Minnesota, kwa sababu hakimlazimishi jaji kuchunguza mtu analala wapi, na nakiri kwamba mjanja anaweza kujisajili mapema bila kuishi pale. Hata hivyo atakuwa amelazimika kujitangaza miaka miwili kabla, na watu watakuwa na muda wa kumtazama.

Njia ya kufika huko haiko wazi kama ninavyotamani. Kifungu cha 193 kinaliruhusu Bunge liongeze masharti ya elimu, uadilifu na maadili kwa sheria ya kawaida, lakini hakitaji makazi, kwa hiyo naona marekebisho ya Katiba kwa njia ya Bunge, chini ya Kifungu cha 256, ndiyo njia salama, na njia hiyo inahitaji thuluthi mbili za wabunge na za maseneta. Naiomba Seneti, ambayo Katiba imeipa kazi ya kulinda maslahi ya kaunti, ilichukue jambo hili. Ada ya tume kwa mgombea wa wadi ni shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na walemavu. Mlango huo uliachwa wazi kwa makusudi mazuri, na sharti la usajili wa wadi halitaongeza gharama hata senti moja kwa mtu wa kawaida.

Lakini vyama vya kisiasa havina haja ya kungoja Katiba ibadilishwe. Kila chama hutunga kanuni zake za uteuzi na kuziwasilisha kwa tume ya uchaguzi, na hakuna kinachokizuia kuandika kwamba katika mchujo wa wadi atakubaliwa tu aliyesajiliwa kupiga kura humo kwa miaka miwili. Kipindi cha miaka miwili kwa ajili ya uchaguzi wa 2027 kinahesabiwa tangu Agosti 2025, kwa hiyo kwa mara hii ya kwanza vyama vinaweza kuanza na mwaka mmoja, na kukiongeza hadi miwili kwa uchaguzi wa 2032. Viongozi wa vyama watakaokuja Kilifi kuomba kura watakuta wapo miongoni mwetu watakaoomba kuziona kanuni hizo kwa maandishi, na mimi nitakuwa mmoja wao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Malindi, Kaunti ya Kilifi